Mafundi wa Mnara wa Kaskazini

Ramani ilisema ngazi ya mnara ina vidato sitini na vinne. Walburga Hinterseer alivihesabu Jumatatu asubuhi huku akitafuna mkate wa chumvi, akapata sitini na vitano. Akashuka, akahesabu upya. Sitini na vitano. Mkate akautupa kwenye ndoo kwa hasira.

Alikuwa msanifu majengo, na kwa miaka tisa alikuwa akiukarabati mnara huo wa kasri la mfalme, juu kabisa ya milima ya jimbo la Bavaria, Ujerumani. Mfalme alifariki zaidi ya miaka mia iliyopita, kabla haujakamilika, na mafundi wakafukuzwa siku hiyohiyo, matofali yakabaki uchi. Ijumaa wakaguzi walikuwa wanakuja. Vipimo vikilingana na ramani, mnara ungefunguliwa kwa watu. Visipolingana, ungezibwa kwa zege, na miaka yake tisa humohumo. Akawapigia simu kuomba wiki moja zaidi. Wakamwambia ajaze fomu.

Jumanne vidato vilikuwa sitini na saba. Jumatano vilifika sabini, na kile cha juu kilikuwa na chokaa mbichi. Alisimama pale mchana kweupe, jua likimeta kwenye theluji nje ya dirisha, akasikia mwiko wa mwashi ukikwangua jiwe nyuma ya ukuta, kisha kikohozi, kisha buti nyingi zikipanda taratibu kumfuata, na harufu ya jasho na bia iliyochacha ikamzunguka, na alipogeuka hapakuwa na mtu, ila nyayo za maji zilizopanda kidato baada ya kidato mpaka zikakoma kimoja tu chini ya miguu yake.

Alishuka mbio, karibu akiwa amefumba macho, akaenda kwa mzee Korbinian, fundi mkuu wa mapaa, akamsimulia yote. Mzee huyu hucheka kila kitu. Safari hii hakucheka.

"Paa la mnara huu halikufanyiwa sherehe ya mafundi ya kumaliza kazi," akanong'ona. "Fundi hakunywa, glasi haikuvunjwa, mwenye nyumba hakupigilia msumari wa mwisho. Bila hiyo, mafundi wa mfalme hawajaruhusiwa kuondoka, bosi. Wanaendelea na kazi."

"Mzee, mimi nina shahada mbili."

"Basi kahesabu nazo ngazi."

Alhamisi walipanda juu ya paa, upepo ukiwachapa masikio. Korbinian akafunga kileleni mti mdogo wa msonobari wenye utepe, akatamka maneno ya mafundi, akanywa divai yake mpaka tone la mwisho, akairusha glasi. Ikapasuka chini uani. Kisha akatoa nyundo na msumari, akasema inabidi wampigie simu mtu wa serikali ya jimbo, maana kasri ni la jimbo.

Walburga aliona fomu nyingine inakuja. Alichoka. Alichoka kabisa.

"Lete hapa. Miaka tisa nani kaganda na baridi humu? Mwenye nyumba ni mimi."

"Usiseme hivyo huku juu, binti yangu."

Walburga akapigilia msumari mara tatu. Mwiko ukanyamaza, harufu ikaondoka na upepo, na vidato vikarudi sitini na vinne. Ijumaa wakaguzi walipima kila kitu, wakampa mkono, wakampongeza. Walipoondoka alikaa kwenye ngazi, akalia kwa furaha.

Alasiri, akiwa anafungua gari lake, harufu ya bia iliyochacha ikamfikia tena.

"Bi mkubwa." Sauti ilikuwa nyuma yake, ya heshima, ya mtu aliyevua kofia. "Mnara tumeumaliza. Una kazi nyingine?"

Hakuthubutu kugeuka. "Hakuna," akanong'ona. "Asanteni. Nendeni nyumbani."

"Sisi tangu zamani hulala kwa mwenye nyumba."

Milango mingine mitatu ya gari ikafunguka taratibu, buti zikakung'utwa theluji, viti vikalalama, na gari likadidimia na kudidimia mpaka tumbo lake likakaribia ardhi. Kisha wakafunga milango, wakamsubiri aendeshe.