Mpunguze Yeye

"Nikuongezee wewe, au nimpunguze yeye?" Loyce aliniuliza. Alikuwa anamenya vitunguu vya mchana pale kwenye mgahawa wake Ilongero, wala hakuniangalia.

"Mpunguze yeye."

"Alute, huyo ni mchumba wako."

"Ni mchezo tu, Loyce."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu. Mnaosoma hapa mtanitukana kwenye komenti. Tukaneni tu, mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha. Ila nisikilizeni kwanza.

Mchezo wenyewe alikuja nao Loyce kutoka chuoni Dodoma. Mnakaa mezani na karatasi, penseli na dadu ya pande ishirini. Yeye anasimulia nchi ya mapango na majitu, na kila mmoja wenu anaishi humo kama mtu wake wa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa mpiganaji, upanga na ngao. Miraji wa bodaboda alikuwa mpiga mishale. Mchumba wangu Emiliana, kwa jina la mchezo, alikuwa mchawi, lakini neno hilo ukilitamka mbele ya wakwe zako wa Kinyaturu umejimaliza, kwa hiyo tulimwita msomi. Anasoma neno kwenye kitabu chake, na jambo linatokea.

Mwanzoni alikuwa na neno moja tu kwa siku, la moto. Akishalitumia amekwisha, anajificha nyuma ya ngao yangu. "Alute, nifunike," alikuwa ananiambia, tunacheka. Kila Jumapili baada ya misa, saa nane mpaka jua linapolegea. Nilikuwa na raha, jamani.

Mwaka ukapita. Mimi nikawa napiga upanga mara mbili badala ya moja. Mwenzangu akawa analaza kijiji kizima usingizi, anafungua milango ya mawe, anavuka mto bila kulowa. Mimi nafika na ngao yangu, maadui wameshakufa. Miraji akawa ananitania kwamba siku hizi kazi yangu ni kubeba mizigo ya shemeji. Nikacheka nao, ila moyoni niliumia.

Na nje ya meza hali ilikuwa hiyohiyo. Mimi ni fundi wa mashine ya kukamua alizeti, niliishia darasa la saba. Emiliana ana diploma ya maabara, alikuwa anajitolea zahanati huku anaomba kazi kila mahali. Tukitembea wote watu wanasimamisha baiskeli kumsalimia, "Daktari, habari za kazi," mimi nimesimama pembeni nimeshika mkoba wake.

Loyce alinieleza vizuri siku ile ya vitunguu, siwezi kusingizia kwamba sikuelewa. Alisema tatizo hilo liko kwenye michezo hii tangu zamani, msomi akikua humwacha mpiganaji mbali. Angeweza kunipa mimi ngome, jeshi la kuliongoza, upanga wa kukata hata maneno ya wasomi. Nikakataa. Niliona kama naonewa huruma.

Jumapili iliyofuata akatangaza sheria mpya: msomi maneno matatu tu kwa siku, basi. Emiliana akachukua raba akafuta kwenye karatasi yake.

"Kama ndiyo haki kwa wote, sawa," alisema.

Akanishika mkono chini ya meza. Sikuona aibu hata kidogo.

Wiki mbili baadaye simu iliita nikiwa mashineni. Alikuwa dada mmoja mstaarabu, anapiga kutoka hospitali ya huko Mwanza. Alisema amemtafuta Emiliana hapatikani, na kwenye fomu kaandika namba yangu kama mtu wake wa karibu. Amefaulu usaili. Aripoti ndani ya siku saba.

"Wewe ni nani yake?" aliuliza.

"Mume wake."

"Basi naomba umfikishie."

"Hatakuja," nikasema. "Amebadilisha mawazo. Mpeni mwingine."

Nikakata simu, nikarudi kwenye alizeti. Jioni nilimuuliza Emiliana kuhusu kazi, akasema bado kimya, tuzidi kumwomba Mungu. Nikaitikia amina.

Tangazo la kwanza la ndoa yetu lilikuwa lisomwe kanisani Jumapili ya tatu ya Julai. Jumapili ya kabla yake tukakaa mezani kama kawaida. Emiliana alikuja amechelewa, macho mekundu. Nilipomuuliza akasema ni vumbi, na kwa upepo wa kwetu wa mwezi wa saba nikaamini.

Siku hiyo jitu lilinipiga rungu nikaanguka langoni mwa pango. Loyce akasema nina zamu moja tu ya kuishi, na lango linashuka. Emiliana alikuwa ameshatumia maneno mawili.

"Umebakiwa na moja," Loyce alimwambia kwa sauti ndogo. "Ukimponya Alute, anawahi kutoka, ila wewe unafungiwa ndani. Ukilizuia lango unatoka wewe, Alute anakufa."

"Zamani ningeweza yote mawili."

"Ungeweza."

"Sheria hii uliitunga mwenyewe, Loyce?"

Loyce aliniangalia, halafu akaangalia meza. "Alute ndiye aliyeniomba. Nilitaka kumwongezea yeye, akakataa."

Emiliana hakunigeukia.

"Namponya," alisema, akarusha dadu. Ikaja kumi na tisa. Nikapona.

Halafu akatoa simu, akaisogeza mbele yangu. Ulikuwa ujumbe wa rafiki yake aliyefanya naye usaili:

"Mambo Emi. Mbona hukuja Mwanza? Nafasi yako wamempa mtu mwingine. Dada wa ofisini anasema mumeo alipokea simu akakataa. Umeolewa lini mwenzetu?"

Miraji aliinuka akatoka nje bila kuaga.

"Nisamehe, Emi," nikasema. "Niliogopa utaniacha."

"Ungeniambia unaogopa."

"Ningeonekana mdogo."

"Kwa hiyo ukaona bora niwe mdogo mimi."

Nilimwambia nitapanda basi kesho yake asubuhi, nitawaambia nilidanganya, nitapiga magoti. Akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nimeshakuulizia kazi kwenye mashine ya mafuta hukohuko Mwanza," alisema. "Kabla hata ya usaili. Nilitaka twende wote."

Hapo ndipo nilipolia, ndugu zangu, mtu mzima, mbele ya Loyce. Emiliana alijifunga kitenge chake vizuri. Alisema anapita kwa paroko kuomba tangazo lisisomwe, kisha atamwambia baba yake mwenyewe, nisitume mshenga. Nilitaka kumfuata, Loyce akanishika mkono.

"Mwache, Alute. Umeshamzuia vya kutosha."

Jumapili ya tatu nilikaa benchi la nyuma kanisani. Paroko alisoma matangazo ya ndoa, wachumba wawili wa Ihanja, na wengine wawili wa hapahapa. Nilisikiliza mpaka mwisho. Mama mmoja aliyekuwa anajua mipango yetu aligeuka kuniangalia, na mimi nikainamisha kichwa kama ninayesali.