Jina Lililokwanguliwa kwa Wembe

Jioni moja, jua likiwa limeshaegemea milima ya Mua, Bartholomew Nzau alishuka ngazi za jengo lao kwenda kununua gundi. Ngazi arobaini na mbili. Nzau alikuwa na miaka hamsini na sita, lakini magoti yake yalikuwa yametimiza sabini na yalidai heshima kama wazee wengine wowote. Kila ngazi yalilalamika. Kila ngazi aliyaomba radhi.

"Baba Mbinya!" Ndolo wa hardware alimwona akiwa bado ng'ambo ya barabara. "Leo umefufua nani?"

"Mwalimu wa fizikia wa Kalama. Amekufa miaka sitini, na bado anasumbua kuliko mteja aliye hai. Nipe gundi nyeupe, mkebe mkubwa."

Ndolo alicheka akitafuta mkebe. "Lakini ndugu yangu, kila siku ni fizikia, falsafa na mapepo. Hakuna mtu ameandika kitabu cha kupika?"

"Wanaopenda chakula hawasomi. Wanakula."

"Na vile huko nje wanasema sisi Wakamba ni wachawi, wewe unakaa hapo juu ukiwachapishia ushahidi!"

Nzau alicheka, kwa sababu ilikuwa kazi yake kucheka. Mji mzima ulimjua kama mtu wa masihara. Lakini jioni hiyo kicheko kilitoka kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi: kikohozi kwanza, halafu tone moja. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja. Ni ule unaolala nawe na kuamka kabla yako.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Yeye na mkewe, Nzilani, walichapisha upya vitabu vya zamani vilivyosahauliwa: fizikia ya enzi za kuandika kwa wino wa chupa, falsafa, na zile tafiti za watu waliotaka kupima roho kama unavyopima sukari. Wateja wao walikuwa wahadhiri wastaafu, wanafunzi wenye njaa, na wazee wa Nairobi waliosisitiza wafungiwe kwa karatasi ya kaki ili mapadri wao wasione.

Mtu mwingine angenakili kurasa kwa mashine akalala. Nzilani hakutaka. Kila kitabu walikiandika upya kwenye kompyuta, kisha wakakisahihisha kwa kusoma kwa sauti. Nzau alisoma kurasa mpya, kila neno na kila alama: koma, nukta, aya mpya. Nzilani alifuata kwenye kitabu cha zamani kwa kidole. Mstari ukiwa sawa alisema, "Haya." Ukiwa na kosa aligonga meza. Miaka kumi na tisa. Ndoa za wengine ziliendeshwa na mapenzi. Yao iliendeshwa na koma.

Kitabu cha juma hilo kiliandikwa na Mwalimu Ndunda mwaka wa hamsini na saba. Mwalimu huyo aliwakusanya watu saba nyumbani kwake Kalama, mara kumi na mbili, kuwaita aimu, roho za waliotangulia, na kuzipima. Aliweka kipimajoto katikati ya chumba. Alitundika kigoda kwenye mizani ya springi. Kikao kilianza kwa kuita majina, kama darasani, kila mtu akiitika "Nipo." Kikaisha kwa kila mmoja kuambiwa, "Nenda nyumbani," naye kujibu, "Naenda."

Binti yake, Munyiva, bibi wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyekileta. Kilikuwa kimeliwa na mchwa, naye alitaka nakala za wajukuu. Alimfungulia Nzau ukurasa wa kikao cha mwisho. Kulikuwa na majina saba, na la nane lilikwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi ikatoboka.

"Hapa uache vile palivyo," alisema.

"Pasipo kitu, mwaitu?" Nzau aliuliza, kwa neno la Kikamba la kumwita mama.

"Pasipo kitu, mwanangu."

Sasa, mwambie fundi wa kuchapisha aache pengo katikati ya mstari. Ni sawa na kumwambia kinyozi aache nusu ya kichwa. Mstari unajikunja, ukurasa unapinda, na ule unaofuata unarithi ugonjwa. Kwa hiyo Nzau alifanya kama alivyofanya siku zote: aliweka jina la kushikilia nafasi, aliondoe baadaye. Na siku zote jina lilikuwa moja. Nzilani. Kuna mwaka aliliweka baada ya usomaji kwisha, akasahau kuliondoa, kitabu kikatoka, na mhadhiri mmoja akapiga simu kuuliza huyu Nzilani aliyegundua sheria ya mvutano alisomea wapi.

Waliicheka simu hiyo mwaka mzima.

Aliporudi na gundi yake, Nzilani alikuwa ameshavua viatu chini ya meza na kuvaa miwani.

"Umeenda kununua gundi ama kuitengeneza?"

"Ndolo alinishika na maneno."

"Kaa. Kumebaki hiki kikao kimoja tu, twende nyumbani. Miguu yangu imevimba kama mihogo."

Nzau akakaa, akaanza kusoma. Mdomo ulisoma, lakini akili ilikuwa imeshafika nyumbani na kuweka miguu kwenye beseni la maji moto. Nje, jua lilizama.

"Mwalimu akaita majina, nukta. Mbuvi, koma, nipo, nukta."

"Haya."

La pili. La tatu. Mpaka la saba.

"Haya."

"Nzilani, koma..."

Akasita. Alikuwa amesahau kuliondoa. Na lilikuwa jina geni mdomoni. Tangu binti yao azaliwe, alimwita Mama Mbinya na yeye akaitwa Baba Mbinya. Miaka ishirini na minane hajamwita mke wake kwa jina lake.

Nzilani naye alishangaa. Akacheka, kidole chake kikiwa juu ya lile tundu la wembe.

"Nipo, mwalimu!"

Nzau akatabasamu bila kuinua macho, akamalizia mstari. "Nipo, nukta. Aya mpya."

"Haya."

Lakini ile "haya" ilitoka nyuma ya rafu za karatasi.

Nzau akainua kichwa.

Kiti cha Nzilani kilikuwa kitupu.

Miwani ilikuwa juu ya kitabu. Viatu vilikuwa chini ya meza, viwili, sambamba. Katika hadithi kama hizi huwa stima inapotea. Stima haikupotea. Taa iliwaka vizuri, nyeupe, ikimwonyesha kila kona ya chumba, na katika kila kona hakukuwa na mtu.

"Mama Mbinya?"

"Soma basi," ikasema sauti ya mkewe, yenye uchovu wa kawaida. "Tumalize."

"Uko wapi?"

"Si niko hapa. Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

Jibu likaja polepole, kama mtu anayejitazama...

"Kwa kigoda."

Chumba hicho hakikuwa na kigoda.

*Kwii...* Springi. *Kwii...* Kitu kizito kikining'inia na kuyumba. Na harufu ya chaki ikaanza kujaa, chaki na taa ya mafuta, humo ndani msimojulikana harufu ila ya wino na karatasi.

Nzau alizunguka rafu zote. Akaangalia chooni. Akaangalia ngazi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani kama alivyouacha. Kila alikoenda, sauti ilikuwa upande mwingine.

"Baba Mbinya, mbona baridi hivi?"

Alimpigia Munyiva, akaiweka simu mezani na kufungua spika.

"Mwaitu... lile pengo..."

Bibi akanong'ona: "Umelijaza."

"Ilikuwa ya kushikilia nafasi tu."

"Kwa jina la nani?"

"La mama watoto."

"Mlisoma kwa sauti?"

"Ndiyo kazi yetu, mwaitu."

"Akaitika?"

Nyuma ya Nzau springi ikamjibia. *Kwii.*

"Sikiza," bibi akasema. "Baba aliweka kigoda, lakini hakikukaliwa. Vikao kumi na moja. Akasema labda ni kwa sababu hajaita jina. Akaita la mama, kama jaribio; ndilo hilo lililokwanguliwa. Mama alikuwa jikoni. Akaitika." Pumzi yake ilikwaruza. "Wale saba walikimbia, na baba akakimbia nao. Hakuna aliyemwambia aende nyumbani. Mimi nimelelewa na sauti, mwanangu. Iliniambia nioshe miguu. Iliniambia nisali. Baba alipokufa, nayo ikanyamaza."

"Nifanye nini?"

"Soma mpaka mwisho. Usiruke hata nukta. Halafu fanya kile baba hakufanya."

Kwa hiyo Nzau akasoma.

Kurasa tatu. Alikuwa amesoma maelfu katika maisha yake, na hizo tatu zilikuwa ndefu kuliko zote. Kitabu kilisema joto limeshuka, na vidole vyake vikafa ganzi. Kitabu kilisema mizani inaonyesha ratili mia moja na nne, na springi ikalia. Mwisho wa kila mstari sauti ilisema "haya." Na kila mara ilikuwa mbali kidogo zaidi. Nyuma ya rafu. Nyuma ya ukuta. Kisha kama inatoka ng'ambo ya bonde.

"Usisinzie, mama," Nzau alinong'ona. "Ukurasa mmoja tu."

"Nimechoka, Baba Mbinya."

"Najua. Najua, mke wangu. Mimi pia."

Mstari wa mwisho ulisema Mwalimu alizima taa. Nukta. Baada yake karatasi ilikuwa nyeupe.

"Haya," ikasema sauti, ndogo kama ya mbu.

Nzau alisimama. Mtu aliyechekesha harusi na matanga ya kaunti nzima alikuwa na maneno matatu ya kusema, na aliogopa kuyakosea.

"Nzilani, nenda nyumbani."

Akakitazama kiti kitupu.

"Naenda."

Lakini zilijibu sauti mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya mkewe. Ya pili ilikuwa ya mwanamke mwingine, mzee zaidi, yenye kutu, kama bawaba ya mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Kwenye simu, bibi wa miaka sabini na kitu akavuta pumzi, akaita kwa sauti ya mtoto.

"Mama?"

Simu ikakatika.

Nzilani alikuwa kwenye kiti chake, ameinama, anavaa viatu.

"Mbona unaniangalia kama cheti cha hospitali? Tumemaliza?"

"Tumemaliza."

"Basi zima hiyo mashine. Na mimi nimesinzia, hata sijui kurasa za mwisho zilikuwaje."

Nzau alifuta jina kwenye kompyuta, akarudisha pengo. Mstari ukajikunja, ukurasa ukapinda. Akauacha. Akampigia Munyiva tena, mara mbili, na simu ikalia bila kushikwa.

Wakapanda njia ya kwenda nyumbani. Ilikuwa bado mapema. Akina mama walikuwa wakichoma mahindi kando ya barabara, redio ya kinyozi ikisoma habari. Siku nyingine Nzau angempigia soga njia nzima. Leo alimshika mkono, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu ujana, na Nzilani akamtazama kwa pembe ya jicho. Mkono ulikuwa na joto. Ulikuwa wake, na lile kovu la kisu cha karatasi kwenye kidole gumba. Alilipapasa mara tatu kuhakikisha.

Amerudi, alijiambia. Wangu amerudi.

Wakafika. Nzau akafungua geti. Nzilani akaingia, akasimama hatua mbili ndani, mkoba begani. Nzau akaingia nyuma yake na kushika geti alifunge.

"Ngoja," Nzilani akasema.

"Ningoje nini?"

Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akitazama barabarani, kule walikotoka, kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyeachwa nyuma na wenye miguu mizuri.

"Mwache apite. Amechoka."

Barabara ilikuwa tupu. Nzau akatafuta neno la kuchekesha, akakosa. Akafikiria kulisukuma geti lifungike, halafu akafikiria ni nani angebaki upande gani.

Akalishikilia wazi. Akalishikilia kwa muda wa kumtosha mwanamke mzee anayepanda mlima bila haraka, na hata mkono ulipoanza kumuuma hakuthubutu kuuliza kama ameshaingia.