Mkono Usio na Pete

Siku hiyo fundi cherehani alisahau kuvua pete, lakini mkono aliouona kwenye kioo haukuwa na pete.

Na usidhani fundi huyu ni mtu wa kuona vibaya! Jicho lake lilikupima kiuno ukiwa bado mtaa wa pili, na suti aliimaliza kabla hujamaliza kumsalimia. Kiharusi ndicho kilichomweza. Kilimvuta mdomo upande, kikamnyang'anya maneno, na mkono wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa, kikaulaza kama samaki wa kwenye friji. Gauni la harusi la bintiye likabaki michoro ya chaki mezani, na harusi yenyewe sasa imebaki wiki tatu tu.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemsimamishia kioo mezani, mkono mgonjwa nyuma, mzima mbele.

"Fumba na fumbua mkono huu mzima, baba, macho kwenye kioo. Ubongo utadhani ni ule mgonjwa, utaamka. Ila pete uvue, ubongo usishtuke. Ukiona kitu hakieleweki, acha, niite."

Sasa fundi akatuliza mkono wake. Wa kwenye kioo haukutulia. Ukafumba, ukafumbua. Na huko nyuma, kidole kilichokufa miezi mitano kikachezacheza.

"Mbona umetoa macho kama umemeza sindano?" mkewe akamuuliza.

"Ha... hamna."

Mtaalamu hakuitwa. Fundi alikuwa anautaka mkono wake, basi.

Akawa anajifungia. Chumba kikanuka nguo iliyoungua, ilhali pasi ni ya baridi. Nyuma ya kioo kukawa na kucha zinagonga, tik, tik, tik, nao mkono wa kushoto ukashika chaki, ukashika mkasi, ukakata kitambaa kama maji.

"Baba, umeshona wewe au jini?" bintiye alicheka alipojaribu gauni. Kisha akanong'ona, "Mbona vifungo vyote umeviweka upande usio wake?"

Fundi hajawahi kukosea kifungo tangu dunia iumbwe.

Mchana wa siku ya kumi na nane, limebaki pindo tu, alitaka kufuta jasho kwa mkono wa kulia, ule mzima, wenye pete, nao ukagoma, ukalala mezani kama kipande cha kitambaa kilichobaki, na wa kushoto, bila yeye kuutuma, ukaweka sindano chini taratibu, ukakishika kioo, ukakinyanyua, ukakisogeza mpaka pua yake ikagusa ubaridi, na humo akauona uso wake, mdomo umenyooka, ule ambao kwake bado umepinda, nao unatabasamu.

Alitaka kupiga kelele. Yakamtoka mate.

"Mke wangu," uso wa kwenye kioo ukaita, kwa sauti yake ileile ya zamani, tamu, isiyokwama. "Njoo uone gauni."

Jikoni sufuria ikaanguka. Miezi mitano mke hakuwa ameisikia sauti hiyo.

"Abee, mume wangu!" akaitika, analia kwa furaha, anakimbia. "Nakuja!"