Kiganja cha Kushoto

Bondia Taratibu alikutwa amekufa saa kumi na dakika tano alasiri, ameketi kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kichwa kimeegemea ukuta kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Pambano lilikuwa limekwisha dakika ishirini tu zilizopita. Alishindwa kwa pointi, akashuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe.

Inspekta alifika saa kumi na nusu. Alikuwa ameshaagiza kwa simu kwamba glavu za mpinzani zisivuliwe mpaka azikague, ndiyo maana mpinzani alikuwa koridoni analia, na machozi hana la kuyafutia.

"Nimeua mtu, mama," alisema.

"Hilo sijakuuliza." Inspekta alizibinya glavu, akazinusa, akafuata mishono kwa kidole. Zilikuwa safi. "Ulimpiga sana kichwani?"

"Sikumpata vizuri hata mara moja. Alikuwa anapepesuka tangu raundi ya kwanza. Nikadhani ananitega."

Inspekta akamgeukia daktari wa mchezo. "Ulimpima?"

"Saa nane na nusu, akiwa ameshafungwa bandeji. Nilimwangalia macho, nikamtajia maneno matano. Nikampima presha, kisha nikamwambia ayarudie. Hakukosea hata moja."

"Maneno gani?"

"Kiti, mvua, shoka..."

"Barua, ndizi," mpinzani alimalizia, bado analia.

Daktari alikohoa. "Ni hayohayo kwa kila bondia. Mwaka wa sita huu."

"Basi hilo si jaribio, daktari. Hiyo ni salamu."

Daktari aliona haya.

Chumbani, Inspekta alimvua marehemu glavu. Mgongoni mwa kila bandeji palikuwa na sahihi ya daktari. Aliugeuza mkono wa kulia, hakuona kitu. Kwenye bandeji ya kiganja cha kushoto wino wa bluu ulikuwa umechujuka kwa jasho, lakini ulisomeka: kiti, mvua, shoka, barua, ndizi. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mpaka vidoleni. Usingeweza kushika kalamu. Ukutani palibandikwa karatasi ya kocha: kaa mbali, kushoto, kulia. Kila "k" ilikuwa na mkia mrefu, sawasawa na ile ya kwenye "kiti".

Kocha alikuwa mjomba wa marehemu, naye ndiye aliyemlea.

"Mzee wangu," Inspekta alisema, "mpinzani anayajua maneno haya hata akilia. Taratibu ameyasema miaka sita. Kwa nini leo umwandikie?"

Kocha alitazama sakafu.

"Jumanne ya wiki iliyopita aliangushwa mazoezini," alisema hatimaye. "Alipoamka akaniuliza leo siku gani. Nikamjibu. Akauliza tena. Mara tatu, mwanangu. Juzi nikamjaribu kwa maneno ya daktari, hakukumbuka hata moja."

"Na kanuni?"

"Niripoti, apumzike miezi miwili. Angeshinda leo, angegombea mkanda. Aliniomba: mjomba, usiseme, nitakuwa nimekwisha." Alivuta pumzi. "Na mimi nilitaka. Miaka thelathini nasimama kwenye kona, sijamvika mtu mkanda. Nikajiambia, leo tu."

"Ungesema, angekuwa nyumbani leo amekununia."

"Najua." Alinyoosha mikono yake mwenyewe kabla ya kuambiwa. Askari wakamchukua.

Inspekta alirudi koridoni, moyo mzito. Alikaa kando ya mpinzani, akaanza kumfungulia kamba za glavu.

"Alipanda ulingoni akiwa tayari ameumia," alimwambia. "Aliyejua hakusema. Wewe hukujua."

Mpinzani alipata mikono yake, akajifuta uso. Inspekta hakuinuka.

"Na wewe? Umewahi kuanguka mazoezini ukasahau siku?"

Mpinzani alimtazama kwanza kocha wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Mara mbili," alisema. "Mwezi huu."

Inspekta alimwita daktari, akamwambia aje na maneno mapya.