Glasi ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Akhamuk alipoingia pangoni kukagua michoro. Kesho alikuwa na wageni wa kuwatembeza hapo, na michoro ilikuwa imefifia kweli: swala, kondoo mwitu, na yule mtu mrefu asiye na macho, mdomo wazi. Sasa watu wavuke jangwa lote hili waje kuona ukungu? Hifadhi ya milima ya Tassili ilikataza kabisa kumwagia mwamba maji ili rangi ing'ae. Lakini waongoza wageni wa Tassili walifanya hivyo tangu enzi za baba zao, na Akhamuk naye, kichwa kigumu, akataka kujaribu. Akafungua kiriba.

Rangi ikawaka, nyekundu mbichi.

Maji hayakuchuruzika chini. Yaliingia mdomoni mwa yule mtu mrefu.

Glu... glu... glu...

Kiriba kikanywea mkononi mwake. Akatoka mbio.

Hemani, mkewe Dassin alikuwa amempakata mtoto wao mchanga, ambaye hata jina alikuwa hajapewa.

"We Akhamuk, umekuja na nani?" akanong'ona.

"Peke yangu."

"Usinitanie. Nani huyo anayepumua nje?"

Harufu ya udongo uliolowa ikajaa hemani. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka juzi.

"Nilimwagia ule mchoro maji," akasema.

"Mungu wangu! Umewanywesha Watu wa Upweke, mizimu ya jangwani? Aliyekunywa maji yako ni mgeni wako! Mpe chai, glasi zake tatu, aende zake. Asipopata ya tatu haondoki. Fanya haraka, nina mtoto mimi!"

Akhamuk akawasha moto mlangoni, akachemsha chai kwa maji kidogo yaliyobaki kiribani. Akamimina glasi ya kwanza, akaisogeza gizani. Ikarudi tupu. Ya pili ikarudi na alama za vidole vyekundu. Akainamisha kiriba tena, kiriba chao cha pekee.

Hata tone.

Karibu yote aliyamwaga pangoni, na kisima kilikuwa mbali.

"Ya tatu?" sauti ikauliza, kwa upole.

"Nisamehe, bwana... maji yameisha."

"Haidhuru. Nitaingojea ndani."

Hema likatikisika. Mtoto akalia mara moja... kimya.

Kulipopambazuka mtoto alikuwa mzima, ana joto, anapumua vizuri. Dassin akamshukuru Mungu huku akilia. Kule mwambani, mahali pa yule mrefu palikuwa patupu.

Tangu hapo Akhamuk huweka glasi ya tatu mlangoni kila jioni. Hakuna anayeigusa.

Ila mtoto hataki titi la mama. Anataka maji. Hufungua mdomo wazi kabisa, naye Dassin, machozi yakimtoka, humnywesha.

Glu... glu... glu...

Wala hashibi.