Simu Aliyoipokea Nasri

Siku Mwamvita alipomwona Nasri kwa mara ya kwanza, alikuwa amekasirika tayari. Mtandao ulikuwa umekatika, steshenari iliyo jirani na soko kuu la Tabora ilikuwa imefurika watu wenye vyeti mikononi, na maombi yake ya ufadhili yalitakiwa kufika jioni ileile. Alikuwa afisa ustawi wa jamii kule Goweko, peke yake kwa kata kadhaa, na tangu amalize shahada ya kwanza alikuwa akitafuta wa kumsomesha uzamili. Matangazo yalikuwapo, ya wahandisi wa gesi na wataalamu wa kompyuta. Ya watu wanaohangaika na watoto waliotupwa na wajane walionyang'anywa nyumba yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, na likitokea moja, Tabora lilifika muda wake ukiwa umebaki kiduchu.

"Kaka, mtandao unarudi leo au tusubiri kiama?" aliuliza, jasho likimtiririka chini ya mtandio wake mweupe.

Mwenye duka aliinua uso. Shati limenyooshwa kwa pasi, kofia ya kufuma imekaa upande. "Haraka ya wapi, dada? Kwani wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi. Kuna neno?"

"Kumbe mpagazi wangu! Tua mzigo upumzike. Mimi Mzaramo wa Kisarawe."

"Mzaramo? Ndiyo maana kazi haziendi. Ngoma inalia wapi leo?"

Duka zima likaangua kicheko. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu wa huku walipobeba meno ya tembo mpaka pwani wakakutana na watu wa kule. Mtani hukutukana mbele ya wakwe na huna pa kumshitaki. Mtandao uliporudi, Nasri alituma maombi ya Mwamvita kwanza, watu wakanung'unika, naye akawaambia huyu ni mtani wake, lazima amhudumie kwanza.

Mapenzi yakaanzia hapo. Kila jioni simu ililia Goweko.

"Umekula, mpagazi wangu?"

"Nimekula. Wewe umeshacheza?"

"Bila wewe ngoma hainogi, mama. Njoo Jumamosi na lile gauni la buluu."

Utani huo ulikuwa na mtu wa tatu, Majidi, binamu yake Nasri aliyekaa Dar es Salaam. Majidi alikuwa na mchezo wa kumpigia Mwamvita kwa namba ngeni, leo hakimu, kesho mkaguzi wa mbuga anayeuliza habari za fisi aliyepotea. Mara ya mwisho alimweka mkewe kwenye simu, mke huyo akajifanya bosi wa wafadhili na kumpongeza Mwamvita kwa kupata nafasi ya kusoma mwezini. Mwamvita alicheka mpaka akakaa chini.

Ikaja siku ya kesi. Mwamvita aliitwa mahakamani, mjini Tabora, kueleza habari za mtoto aliyeunguzwa mikono na mjomba wake. Mahakamani simu huzimwa, naye alikuwa akisubiri simu kutoka Dodoma, kwenye ofisi za mfuko wa ufadhili. Akaiacha kwa Nasri.

"Wakipiga, waambie nitawapigia mchana. Hilo tu."

"Hilo tu, mpenzi."

Simu ikalia. Sauti ya mwanamke, nyororo, ya kiofisi. Alijitambulisha kwa jina la Pelagia, akasema Mwamvita amechaguliwa kuja kwenye usaili, je, atafika Jumatatu? Nasri akatabasamu. Akajua ni mke wa Majidi huyo.

"Amechelewa, bibi," akasema. "Ameshaolewa. Mumewe hataki masomo, anataka ugali. Mpeni mwingine."

"Una uhakika, kaka?"

"Mumewe ndiye mimi."

"Sawa. Asante kwa kutujulisha," Pelagia akasema, akakata.

Mwamvita aliporudi, Nasri alimsimulia huku akicheka. Mwamvita hakucheka. Aliitazama ile namba. Ilikuwa ya simu ya mezani, ya ofisi. Akapiga, akaweka sauti ya juu ili Nasri asikie mwenyewe.

"Pole, dada," Pelagia alisema. "Orodha imepelekwa saa sita. Tumeshamwita mwingine."

"Lakini sijaolewa! Alikuwa anatania! Mbona hamkuniuliza mimi?"

"Dada Mwamvita, kila mwaka napokea simu kama ile. Mume, kaka, baba. Sijawahi kukutana na aliyekuwa anatania."

Jibu hilo lilimkasirisha Mwamvita kuliko kosa lenyewe. Akakata simu, akamgeukia Nasri.

"Utani hauna kesi, mwanangu," Bi Sikuzani, muuza vitumbua wa barazani, alijaribu kupoza.

"Shikamoo, Bi Sikuzani, lakini niache," Mwamvita akasema. "Utani ni wa watani. Yule mama wa Dodoma mtani wake nani?" Kisha kwa Nasri: "Ungeweza kusema nimekufa. Ungeweza kusema nimetoroka na mganga. Mbona kilichokutoka ni kwamba nimeolewa na umenikataza?"

Nasri alivua kofia.

"Kwa sababu natamani," alisema. "Niliogopa utaenda, usirudi."

"Basi haukuwa utani."

"Nikuoe, Mwamvita. Ijumaa nawaleta wazee kwenu, yaishe."

"Yaishe? Unanifungia mlango, halafu unaniposa humo humo ndani? Toka mbele yangu!"

Duka lilikuwa la Nasri, lakini alitoka yeye.

Miezi ikapita. Namba ya Nasri, Mwamvita aliifungia. Kesi ya mtoto aliishinda, na hata furaha ile aliimeza kwa hasira, maana hakuwa na wa kumpigia. Usiseme alimsahau. Alimchukia kila siku, na mtu humchukii hivyo kama hayumo moyoni.

Siku moja Recheli, nesi wa Igalula, alimwambia amepata udhamini wa kusomea afya ya jamii. "Kuna Mzaramo mmoja hapo sokoni. Amebandika ukutani matangazo yote ya walimu, manesi na watu wenu wa ustawi. Anatutumia maombi bure. Ila simu yako hashiki hata ukimlazimisha."

Mwamvita alikwenda, uso umekunjamana. Ukuta ulikuwa kweli umejaa. Tangazo la mfuko wa Dodoma lilikuwa juu kabisa, jipya.

"Nani alikutuma?" akauliza.

"Hasira zako," Nasri akajibu, bila kicheko. "Nilipanda treni mpaka Dodoma. Nilimwambia Pelagia uso kwa uso kwamba sikuwa mume wa mtu, nilikuwa mjinga. Akasema ujinga wangu haumrudishii mtu nafasi, ila mwaka huu uombe mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Na bado nimekasirika, Nasri."

"Kasirika, mama. Lakini lete vyeti."

Akaleta. Alimkaripia tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, naye akapokea yote. Maombi yakaenda, usaili ukaja, nafasi ikapatikana.

Siku ya safari, stesheni ya Tabora ilikuwa na vumbi na kelele. Mwamvita alivaa lile gauni la buluu. Nasri alibeba sanduku kichwani, jasho likimlowesha kofia.

"Leo mpagazi nani?" Mwamvita akamdhihaki, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mimi, bibi yangu. Mpaka pwani ukitaka."

Alimpa simu amshikie huku akitafuta tiketi mkobani. Simu ikalia. Nasri aliitazama: namba ileile ya mezani. Mwamvita naye aliona, akaendelea kutafuta tiketi makusudi.

Nasri akaipokea. "Haloo. Subiri kidogo, mama. Mwenyewe huyu hapa." Akamkabidhi kwa mikono miwili.

Alikuwa Pelagia, akihakikisha kama kweli yuko njiani. "Na huyo aliyepokea?" aliuliza. "Mumeo?"

Mwamvita akamtazama Nasri, sanduku lingali kichwani, kijasho kikimchuruzika mpaka kidevuni. Hasira ilikuwa bado haijaisha, naye hakutaka kumdanganya mtu kwamba imeisha.

"Bado," akasema kwa sauti kubwa, ili Mzaramo wa watu asikie. "Ataleta wazee nikirudi na shahada yangu. Nimeshamwambia asubiri."

Hakuwa amemwambia. Ndiyo kwanza Nasri anasikia, na sanduku likamponyoka.