Chupa Chini ya Blanketi

Nashon alikuwa mshonaji wa suti katikati ya jiji. Jumapili aliongoza kwaya. Alipenda usafi mno. Hata leso yake aliipiga pasi. Nyumbani, karibu na maduka ya Adams Arcade, mkewe Veronicah alimtania: "Baba Janice, wewe hata kulala utavaa tai!"

Lakini bwana huyu msafi alikuwa amevuta sigara miaka mingi. Mwaka wa 2006 daktari aliona uvimbe kwenye pafu lake. Aliutoa kupitia vitundu vidogo ubavuni, bila kupasua kifua kizima. Nashon aliamka akiwa na mrija wa mpira ubavuni. Mrija huo ulitiririsha maji mekundu hadi kwenye chupa iliyokuwa sakafuni.

Chupa hiyo ilimtia aibu kuliko ugonjwa wenyewe. Wanakwaya walipokuja na Veronicah kumwona, aliwasikia mlangoni. Haraka akaiinua chupa, akaificha kitandani chini ya blanketi. Akalala bila kusogea. Kikohozi kilipomjia, alikizuia.

"Pole mwalimu," alisema Bramwel, mwimbaji wa besi. "Si walisema ni katundu tu? Hiyo ni kitu kidogo."

Nesi Milcah aliingia, akatazama sakafuni. "Mzee, chupa iko wapi?"

Nashon alilivuta blanketi hadi kidevuni. Nesi akafunua blanketi. Wote wakaona. Nashon alitamani ardhi immeze.

"Kwani unataka kujimaliza?" Nesi aliishusha chupa. "Ikikaa juu, maji inarudi kifuani. Inafaa kukaa chini, saa zote."

"Lakini sista, si shimo ni ndogo?" Veronicah aliuliza.

"Ni ndogo, mama, lakini pafu imekatwa. Mtu wa sigara ako na makohozi mingi. Huyo, na mwenye umri umeenda, na mwenye mapafu yake ilikuwa mbovu tangu zamani, nimonia inawashika haraka. Lazima avute pumzi ndefu, akohoe, atembee. Mzee, sigara uliacha lini?"

"Siku ya kuletwa hapa," Nashon alinong'ona.

"Uliniambia ni mwezi uliopita!" alisema Veronicah.

"Ingekuwa hiyo mwezi, pafu ingekuwa na nguvu kiasi," alisema nesi.

Nashon aliona haya hadi machozi yakamtoka. Aliketi, akakumbatia mto kama nesi alivyomwonyesha, akakohoa. Chupa ikatoa povu mbele ya wote.

"Tena, mwalimu," alisema Bramwel, kama Nashon alivyowaambia wao mazoezini.

Jioni alitembea wodini, chupa mkononi chini ya kiuno, macho sakafuni. Kesho yake pia. Pafu likafunguka vizuri, na nimonia haikumpata.

Aliporudi nyumbani, alimpeleka Veronicah kabatini. Akatoa pakiti ya sigara aliyokuwa ameificha, akampa aitupe. Ilikuwa mfukoni mwa joho lake la kwaya.